Hewa ya Tanuru: Kutoka Kichuguu hadi Kauri ya Zirkonia

Wayeyushaji shaba wa Katanga ya kale, ambao mmisionari Jean-Félix de Hemptinne aliandika habari zao mwaka 1926, walijenga matanuru yao kwa udongo wa vichuguu, wakayajaza makaa na malakiti, yaani jiwe la kijani lenye shaba, kisha wakavukuta hewa kupitia mirija ya udongo. Ugumu wa kazi hiyo ulikuwa katika kiasi cha hewa: ilipaswa kutosha kufikisha joto la nyuzi 1,085 ambalo kwalo shaba huyeyuka, lakini isizidi, kwa sababu makaa yanayoungua kwa hewa haba hutoa monoksidi ya kaboni, gesi inayoiondolea shaba oksijeni iliyoshikamana nayo.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilipoanza kuyeyusha shaba Lubumbashi mwaka 1911, iliagiza koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa, kutoka Wankie, Hwange ya leo, kwa reli iliyokuwa imewasili mwaka uliotangulia. Koki iliyosafiri mbali hivyo haikuwa ya kuchezea, na hewa isiyo na kipimo iliipoteza bure.

Njia ya kuipima hewa ya moto, iliyokuja kutumika kwenye injini za magari, ilitoka kwenye kauri. Mwishoni mwa karne ya 19, Mjerumani Walther Nernst alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba zirkonia, kauri nyeupe, ikichanganywa na oksidi nyingine na kupashwa moto sana, hupitisha umeme. Baadaye ilibainika kwamba unaosafiri ndani yake ni oksijeni yenyewe katika hali ya ioni. Upande mmoja wa kauri iliyopakwa platini ukiguswa na hewa ya nje, na wa pili na moshi wa injini, tofauti ya oksijeni huzaa volti: karibu 0.9 mafuta yakizidi, karibu 0.1 hewa ikizidi. Hiyo ndiyo sonda ya lambda, ambayo Bosch iliifikisha kwenye magari ya Volvo mwaka 1976.

Kifaa hicho kilikuwa na adui mmoja mkubwa, petroli yenye risasi, ambayo huharibu platini yake. Kwa hiyo gari lililoingizwa Afrika likiwa na sonda nzima liliweza kuipoteza upesi kwa mafuta tu, mpaka nchi za kusini mwa Sahara zilipoachana na petroli hiyo mwanzoni mwa 2006.