MBWA WA UGOGO NA SAA ZA OFISI (Historia za Zuzu, sehemu ya 6)

Nimetoka naiti, nimeoga, chai nimekunywa, usingizi umegoma. Basi tuendelee. Reli tumeshaiongelea, maji tumeshayaongelea. Leo mbwa.

Najua kuna watakaocheka. Lakini hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi na watumishi wanaojenga huku kwetu Zuzu: "Sista, natoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, narudi saa moja usiku, nifuge mbwa au niache?" Mwenye kupenda mbwa anamwambia fuga, mwenye kuwachukia anamwambia ni uchafu, na swali linabaki palepale. Mimi naona jibu lake linaanzia mbali, huko ambako Dodoma haikuwa na ofisi hata moja.

Turudi kwenye tembe. Vijana wa mjini mnaijua tembe kwenye picha tu. Ni nyumba ndefu ya miti na udongo, paa lake bapa, nalo la udongo, imezunguka ua wa katikati. Usiku watu, ng'ombe, mbuzi na kondoo wote wamo ndani ya mzunguko huo mmoja. Mbwa analala karibu na mlango. Fisi akisogea, na fisi nchi hii hawajawahi kuadimika, mbwa anabweka, wanaume wanaamka, wanatoka na mikuki. Asubuhi vijana wanatoa mifugo kwenda malishoni na mbwa anaondoka nao. Jioni wanarudi pamoja, anapata ukoko wa ugali na mifupa, siku imeisha.

Sisemi alidekezwa. Alikuwa mwembamba, ana kupe, akigusa chungu anapigwa. Chanjo hakuwa nayo. Peter Rigby aliandika kitabu kizima mwaka 1969 juu ya ng'ombe na ukoo kwa Wagogo. Wa kumwandikia mbwa wa Mgogo kitabu bado sijamwona. Lakini angalia ratiba yake tena. Ndani ya saa ishirini na nne, huyu mbwa hakuna saa hata moja anakaa peke yake. Mchana yuko na watoto porini, usiku ana ukoo mzima nyuma ya mgongo wake.

Na alikuwa mbwa wa nchi hii kweli. Mwaka 1874 Stanley, yule mwandishi wa magazeti aliyemtafuta Livingstone, alianza safari yake kubwa ya kuvuka Afrika akiwa na mbwa watano aliowaleta kutoka Uingereza: Castor, Captain, Nero, Bull na Jack. Msafara ukapita Ugogo kwenye mvua za mwisho wa mwaka. Alipotokea upande wa pili, Bahari ya Atlantiki, mwaka 1877, hakuwa na mbwa hata mmoja kati ya wale. Namkumbuka Castor kila nikiona mtu ameshusha mbwa mkubwa wa manyoya kutoka Dar, kamfunga juani Dodoma mwezi wa kumi, halafu anauliza kwa nini hali.

Sasa tuone lini mbwa wetu alianza kubaki peke yake. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Dodoma mwaka 1910, ikaendelea magharibi kupitia hapa kwetu. Ndipo wachache wakaanza kazi za kengele na saa: stesheni, bomani, misheni. Hao walikuwa wachache mno kuibadili tembe.

Mabadiliko yenyewe yalikuja baada ya Uhuru, na watu huwa hawayahesabu kama historia ya mbwa. Kwanza Operesheni Dodoma, mwaka 1970 na 1971, iliyotoa watu kwenye makazi yao ya kutawanyika na kuwaweka kwenye vijiji vya mistari. Pili, Azimio la Musoma la 1974, na Elimu ya Msingi kwa Wote iliyoanza kutekelezwa 1977. Hapo yule kijana wa kuchunga akavaa kaptula ya shule akaenda darasani. Vizuri sana, mimi mwenyewe nisingekuwa nesi kama mabinti na wavulana wa nyanda hizi wangeachwa malishoni. Ila mbwa akawa amepoteza mwenzake wa mchana. Mzee mmoja wa mtaani kwangu ananisimulia kwamba mbwa wao aliwafuata mpaka uwanja wa shule, akalala chini ya mbuyu hadi kengele ya kutoka. Mwalimu alimfukuza kwa mawe, kesho yake yupo tena.

Tatu ni makao makuu. TANU iliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, CDA ikaundwa mwaka huohuo, na kwa miaka mingi wengi waliona ni maneno tu. Halafu tarehe 25 Julai 2016, Siku ya Mashujaa, Rais Magufuli akasema hapahapa Dodoma kwamba serikali inahamia. CDA ikavunjwa 2017, Dodoma ikawa jiji Aprili 2018. Sensa ya 2012 ilikuta wilaya yetu ya mjini ina watu 410,956. Ya 2022 ikakuta 765,179. Ndani ya miaka kumi, karibu mara mbili. Hao watu walihitaji viwanja, na viwanja vikatufuata mpaka huku Zuzu, kwenye mashamba ya uwele na mtama.

Mtumishi akipata kiwanja anajenga msingi, anajenga ukuta, anaweka geti, na hata kabla ya rangi anatafuta mbwa. Simlaumu. Nyumba iko pembeni, jirani yuko mbali, umeme unakatika, na yeye kazini kwake ni Mtumba. Kwa msiojua jiografia yetu: Zuzu iko magharibi ya mji, Mtumba iko mashariki, barabara ya Dar. Unavuka jiji zima asubuhi na unalivuka tena jioni. Saa za serikali ni saa moja na nusu asubuhi mpaka saa tisa na nusu alasiri, lakini nani anatoka saa tisa na nusu? Kuna kikao, kuna bajeti, kuna Bunge. Mtu anarudi giza limeingia. Na tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma 2024, wapo wanaoondoka Ijumaa jioni kwenda kwa familia Dar na kurudi Jumapili usiku.

Mbwa yuko wapi muda wote huo? Amefungwa kwenye mnyororo wa mita mbili, au kwenye banda la mabati ambalo saa nane mchana hata kuku angekataa kuingia. Ugali umewekwa asubuhi, maji yamemwagika saa tatu. Usiku anafunguliwa, mwenye nyumba anafurahi kwamba mbwa wake ni mkali.

Hapa naomba tuelewane, maana ndipo nilipotaka kufika. Kazi ya mbwa kwenye tembe ilikuwa kuamsha watu. Fisi hakumwogopa mbwa, aliogopa mikuki inayotoka baada ya mbwa kubweka. Kubweka ni taarifa, na taarifa inataka mtu wa kuipokea. Wenzangu wa wodini mtanielewa: mgonjwa akipiga kengele na kituoni hakuna nesi, hiyo kengele ni kelele tu. Mbwa wa mtumishi anabweka kutwa. Anambwekea mwanafunzi anayepita, bodaboda, mbuzi, upepo. Hakuna anayetoka ndani. Jirani alishazoea, siku mwizi akija kweli naye atabwekewa vilevile. Hata jeshi la polisi, mbwa wao wana askari anayekwenda nao, hawaachwi kulinda peke yao.

Kuna na upande wangu wa kazi. Mwaka 1994 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Denver, Marekani, uliolinganisha mbwa waliouma watu na wasiouma. Waliouma walikuwa na uwezekano karibu mara tatu zaidi wa kuwa ni wale wanaofungwa mnyororo uani. Ukikaa chumba cha kufunga vidonda hushangai. Miaka ya nyuma, kituo ambacho sitakitaja, nilimpokea mtoto wa darasa la pili aliyeumwa shavuni na mkononi. Mbwa alikuwa wa nyumba ya jirani, anafungwa kutwa, siku hiyo mnyororo ukakatika. Mwenye mbwa yuko ofisini, simu haipokelewi. Kadi ya chanjo ya mbwa haijulikani iko wapi, au kama ipo. Baba wa mtoto, kibarua, anaambiwa dozi ya kwanza leo na nyingine zinafuata, na kila dozi ina gharama na nauli yake. Alikuwa ameshika kofia anahesabu kwa vidole. Mtoto alimaliza dozi zake zote, yuko salama. Wengine huletwa baada ya wiki kadhaa, wameshaanza kuogopa maji, na hapo hatuna dawa ya kuwaponya.

Kichaa cha mbwa kinaua karibu kila mtu aliyeanza kuonyesha dalili. Kinazuilika, na tumelijua hilo tangu tarehe 6 Julai 1885, siku Louis Pasteur alipomchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa. Miaka zaidi ya 140, na bado duniani inakadiriwa wanakufa watu 59,000 kila mwaka, wengi Afrika na Asia, wengi kwa kuumwa na mbwa, na wengi wao watoto. Ukiumwa: maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili kwa saa, kisha kituo cha afya siku hiyohiyo. Usiweke pilipili, usiweke majivu, usiweke unga wa betri. Na ukichanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakosa njia. Hapa Tanzania limeonekana Serengeti, limeonekana Pemba. Tena kinyume na watu wanavyodhani, mbwa wengi tunaowaita koko wana wenyewe. Wanazurura tu kwa sababu mwenyewe hayupo.

Wenzetu wengine saa wameziandika kabisa kwenye kanuni. Sweden inataka mbwa atolewe nje mchana angalau kila baada ya saa sita. Ujerumani, tangu mwanzo wa 2022, imekataza kumfunga mbwa mnyororo siku nzima, na wanaoruhusiwa kufungwa ni wachache walio kazini na watu. Sisi tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, ambayo wengi wenye mageti hawajui kama ipo. Sitegemei afisa mifugo wa kata aje kuhesabu saa za mbwa wako, ana ng'ombe wa kutosha. Hesabu mwenyewe.

Kama nyumbani kuna mama mzazi, kuna dada wa kazi, kuna mtu anayeshinda pale, wewe si mhusika wa swali hili. Fuga, chanja kila mwaka, mfungue. Kama unaishi peke yako na unatoka saa kumi na mbili mpaka saa moja usiku siku tano, usifuge mbwa wa getini. Weka taa, zoeana na majirani wawili, mpe mmoja namba yako. Najua kuna atakayenuna hapa.

Yupo na mtu wa katikati, kama mimi. Zamu zangu zinazunguka: asubuhi, mchana, naiti, kisha ofu. Mbwa ninaye, anaitwa Simba (najua, kila mbwa wa tatu Tanzania anaitwa Simba). Nilipomleta nilikwenda kwanza kwa mama jirani, Mgogo wa hapahapa, ana mbuzi kumi na moja. Nikamwambia, "Mama, huyu ni wetu wawili." Akaniuliza anakula nini, nikamwambia nitaleta pumba na dagaa wa mwezi mzima. Akacheka, akasema mbwa wa nesi anakula kuliko mjukuu wake. Tukakubaliana. Siku za kazi Simba anatoka na mbuzi asubuhi, mama nyuma na fimbo yake, wanashuka mpaka korongoni. Jioni anarudi ua wowote wenye mtu: nikiwa naiti analala kwa mama, nikiwa ofu analala kwangu. Mnyororo nilinunua, uko stoo na bei yake bado imebandikwa.

Chanjo nalipa mimi. Mwaka huu tutampeleka tena kwenye Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28 Septemba, na mama ameomba tumchukue na mbwa wa kaka yake. Kadi inakaa kwa mama, imechomekwa juu ya kizingiti cha mlango, kwa sababu Simba akimgusa mtoto wa mtu, yeye ndiye atakayekuwepo.

Sehemu ya 7 ni mnada wa ng'ombe. Mwenye picha za zamani za mnada aniletee, nitamrudishia. Sasa nalala.