Posho Kwanza, Mahubiri Baadaye

Mtu aliyekulia Kikula, mtaa wa Likasi huko Katanga, Kongo, amehubiriwa karibu kila kitu: chemsha maji, nawa mikono, chanja mtoto, lala ndani ya chandarua. Megafoni inapita, watu wanasikiliza, wanacheka msemaji akiwa hodari, kisha kila mmoja anarudi kwenye shughuli zake. Wenye miradi ya afya huona ukaidi hapo. Ukiifuata historia ya Likasi utaona jambo lingine, nalo linaanzia kwenye kambi za Union Minière, kampuni ya shaba.

Kampuni hiyo, iliyoundwa mwaka 1906, mwanzoni iliwachukua wanaume kutoka mbali kwa mikataba mifupi. Walikuja bila wake, wengi wakafa, waliosalimika wakarudi kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mabwana wakapiga hesabu upya: afadhali mfanyakazi aje na mke, akae miaka mitatu, azae watoto watakaoingia kazini hapohapo. Mmoja wa wasimamizi wakuu wa siasa hiyo alikuwa daktari, Léopold Mottoulle. Katika kambi kama za Panda na Shituru, akina mama wakaambiwa wapeleke watoto kupimwa uzito, wajifungulie matanite, yaani hospitali ya uzazi, wafuate masharti mapya ya kulisha na kuogesha. Wakaenda. Watoto wa kambi walipokuwa watu wazima, kujifungulia hospitali lilikuwa jambo la kawaida.

Kwa nini waliitikia? Tazama posho. Kila juma unga, nyama au samaki na mafuta vilipimwa kufuata ukubwa wa familia: mke ana sehemu yake, mtoto ana yake. Watoto walilishwa pia kantini, maana kampuni haikuwaamini wazazi kwamba hawatauza chakula cha watoto. Aliyehubiri juu ya afya ya mtoto ndiye huyohuyo aliyeshika kipimo cha unga, ndiye mwenye nyumba, ndiye mwenye matanite. Sisemi ulikuwa wema. Ulikuwa utawala uliofika hadi chumbani na kwenye chungu. Lakini ulifanya kazi.

Kikula ilikuwa nje ya kambi. Huu ulikuwa mji wa Waafrika wa Jadotville, kama Likasi ilivyoitwa hadi 1966. Kwa mfanyabiashara au fundi cherehani wa Kikula, posho ya kampuni haikuwapo. Mafundisho aliyapata, ila kapu la unga halikuja nayo.

Maneno hayakukosekana. Mwaka 1957 Union Minière ilianzisha gazeti lake, Mwana Shaba. Lubumbashi ikatoa kundi la mchezo la Mufwankolo, lililowachekesha watu kwa Kiswahili chao wenyewe huku likiwafunza adabu za mjini. Mafundisho yakichekesha hivyo, nani atakataa kuyasikiliza? Lakini kupenda mchezo ni kitu kimoja, na kupata fedha ya kuufuata ni kingine.

Ukimwi ulipofika, Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ikaonyesha jambo hilo kwa namba. Mwaka 1987 mwanamuziki Franco alitoa wimbo wa kuonya watu juu ya ugonjwa huo, na nchi nzima ikausikia. Wakati huohuo kondomu za Prudence zikaanza kuuzwa kwa bei ndogo madukani na kwenye baa. Kutoka chini ya milioni 1 mwaka 1987, mauzo yalifika milioni 18 mwaka 1991. Wimbo ulisaidia, sina shaka. Ila msikilizaji aliyetoka baa akiwa na hofu aliikuta kondomu palepale alipokunywa. Baada ya uporaji wa Septemba 1991, mradi ukayumba na mauzo yakashuka.

Kuna kampeni nyingine ambayo Likasi haipendi kuihesabu humu. Mwaka 1992 gavana wa jimbo, Gabriel Kyungu wa Kumwanza, na wenzake wa chama cha UFERI waliwaita Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, bilulu, yaani wadudu, kwenye mikutano ya hadhara. Mwezi Agosti, Tshisekedi, naye Mkasai, alipochaguliwa waziri mkuu, majirani wa Likasi wakawageukia majirani zao Wakasai. Makumi ya maelfu walifukuzwa. Wengi walilala kwenye kituo cha treni wakingoja behewa la kwenda Kasai, na wengine walifia hapo. Mwenendo wa watu ulibadilika kwa majuma machache tu. Matusi yale hayakuja mikono mitupu: kila Mkasai aliyeondoka aliacha nyumba, na mara nyingi kazi ya Gécamines, kampuni iliyorithi Union Minière.

Gécamines yenyewe ilikuwa tayari inaanguka. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi 10,655 walipewa malipo ya mwisho na kuaga, na hospitali na shule za kampuni zikaachwa bila nguvu. Sasa kambi nazo zikawa kama Kikula.

Basi mwanzoni mwa 2008 kipindupindu kikaenea Lubumbashi na Likasi, na ujumbe ukawa uleule: chemsha maji. Kuchemsha kunataka makaa, na makaa yananunuliwa kwa pesa ileile ya unga wa bukari, yaani ugali. Mbinu inayofaa wakati wa mlipuko ni nyingine. Mtu anasimama kisimani na sirinji. Kila bidoni ya lita 20 inapojaa, anatia kipimo cha klorini, mwenye bidoni anajitwika na kwenda. Hahitaji kushawishiwa wala kununua chochote. Fedha ya mradi ikikatika, sirinji inaondoka kwanza, kwa sababu klorini na mshahara wa kila siku vina gharama kuliko megafoni. Anayetaka kujua kama kampeni ya Kikula itafaulu aisome bajeti yake, aangalie ni kiasi gani kimewekwa kwa bomba la Regideso, shirika la maji, na kiasi gani kwa fulana zenye maandishi.