Pikapu Zetu Zimefanyiwa Upasuaji Mara Ngapi? (Sehemu ya 6)

Wiki mbili sijaandika, nilikuwa zamu za usiku mfululizo, mnisamehe. Kwenye sehemu ya 5 niliweka picha ya Land Rover ya marehemu mzee wetu ikiwa juu ya magogo, uani kwetu hapa Mhunze. Mliniuliza sana: Sista, hii gari ni ya kabila gani? Sura ya 109, difu za Toyota, taa za lori, na mlio wake hata haueleweki!

Ni swali la haki kabisa. Kaka yangu ndiye anaifufua, kila Jumamosi na Jumapili, yeye na fundi mmoja mzee pamoja na vijana wawili wa kushika spana. Anataka injini kubwa zaidi, anataka kuinyanyua juu, anataka na mkonga. Mimi na yeye tumegombana mwezi mzima kuhusu springi na breki. Ili muelewe tunagombania nini inabidi nianzie mbali, kwa hiyo chukua maji ukae.

Land Rover ilioneshwa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1948 kule Amsterdam. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kinatolewa kwa mgao, basi waliounda ile gari wakaivalisha bodi ya aluminiamu. Walifanya hivyo kwa shida zao, sisi tukapata faida. Bodi ya 109 hailiwi na kutu. Kinacholiwa ni chasisi, ambayo ni chuma, na chasisi fundi yeyote wa Mhunze mwenye mashine ya kuchomelea anaitibu. Aluminiamu yenyewe kwa mashine hiyo haishikiki, inapigwa ribiti tu. Ndiyo maana ukiikagua 109 ya zamani unakuta juu imejaa ribiti kama kanzu iliyotiwa viraka, na chini chasisi ina makovu ya kuchomelewa hadi huoni palipokuwa chuma cha kwanza.

Na hiyo 109 wala siyo jina la heshima. Ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, yaani kama sentimita 277. Ilianza kutengenezwa katikati ya miaka ya 1950, na pikapu yake ilikusudiwa kubeba karibu tani moja. Kumbuka hiyo tani moja, tutairudia.

Huku kwetu Usukumani nani alikuwa nayo? Siyo babu yako, hata kama anakwambia hivyo. Walikuwa nayo wakuu wa wilaya wa kikoloni, wamisionari, na watu wa Mwadui, pale ambapo John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, hapahapa ambapo leo ni wilaya yetu ya Kishapu. Halafu wakaja watu wa pamba. Mwaka 1955 vyama vya wakulima viliungana Mwanza kuwa Victoria Federation, Paul Bomani akiwa mstari wa mbele, na pamba ikaanza kusafiri na watu wake. Mkulima mwenyewe alikuwa na baiskeli au mkokoteni wa ng'ombe. Gari lilimfikia baadaye sana, likiwa limeshachoka, kupitia mnadani.

Hapo ndipo historia ninayoitaka inapoanza, maana gari la mnadani haliji zima. Mzee wetu, aliyekuwa karani wa pamba, alinunua ile 109 mwaka 1987 kwenye mnada wa shirika moja la umma. Ilikuwa haina injini. Mama anasema ilivutwa na ng'ombe wanne kutoka barabarani hadi nyumbani, watoto wakishangilia nyuma, na yeye akijifungia ndani kwa aibu.

Kwa nini mtu mwenye akili zake anunue gari lisilo na injini? Vijana wa sasa hamtaelewa bila kujua miaka iliyotangulia. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ilikula fedha za kigeni, mafuta yakapanda bei duniani, na nchi ikabaki haina kitu cha kununulia vipuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili mchana bila kibali. Gari zima linasimama mwaka mzima kwa kukosa kifaa cha kushika mkononi! Mafundi wa wakati ule walisomea kwenye njaa. Tangi la mafuta likitoboka wanaziba kwa kipande cha sabuni. Bushi za springi wanachonga kutoka kwenye tairi kuukuu. Fundi mzee anayemsaidia kaka yangu bado anachonga bushi zake hivyohivyo, kwa kisu, na ukimwambia za dukani zipo anakuangalia kama mgonjwa aliyekataa dawa.

Hata serikali iliingia kwenye kazi hiyo. Kule Kibaha, jeshi letu kupitia mradi wa Nyumbu liliunda lori la Kitanzania katika miaka hiyohiyo ya 1980. Halikujaa barabarani kama ilivyotarajiwa, lakini nalitaja ili msidhani kuunda na kuundaunda ilikuwa tabia ya watu wa vichochoroni peke yao.

Kilichobadilisha mambo ni bajeti ya Juni 1984, aliyoisoma Waziri wa Fedha Cleopa Msuya. Mtu mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuingiza bidhaa bila kuulizwa sana alizipataje. Zikaingia pikapu. Pikapu nyingi! Pikapu ni gari la kazi, linabeba mzigo asubuhi na watu jioni, kwa hiyo kila mwenye dola chache aliona heri hiyo kuliko gari dogo la kutembelea. Dar es Salaam walizifunga bodi na mabenchi mawili yanayotazamana, wakaziita chai maharage. Huku kwetu zilifungwa turubai na mabenchi ya mbao, zikawa za kwenda mnadani na kurudi, abiria, mbuzi na ndoo za mafuta ya taa vyote pamoja.

Na pamoja na pikapu za Kijapani zikaja injini zake. Gari linapinduka huku Kahama, bodi inaharibika, injini inabaki nzima. Inakwenda wapi? Inakwenda kwenye 109 ya mtu.

Hapa naomba mnivumilie kidogo. Injini ya petroli ya 109 ina sentimita za ujazo 2,286, inakunywa sana, na miaka ile petroli ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Injini ya dizeli ya Kijapani inakunywa kidogo na inavumilia mateso. Lakini haikai tu. Injini na giaboksi havijuani, kwa hiyo fundi anampelekea mchongaji kipande cha chuma kinene achonge bamba la kuviunganisha, likienda pembeni hata kwa unene wa ukucha klachi inakufa ndani ya wiki. Mauntini za injini zinachomelewa upya. Rejeta inasogezwa. Ukimaliza hapo, nguvu mpya inashuka nyuma na kukata ekseli, kwa sababu ekseli za Land Rover za zamani zilikuwa dhaifu, wanaojua wanajua. Basi unatafuta difu za Toyota. Difu za Toyota zinataka haba zake, haba zinataka rimu zake, rimu zinataka matairi yake. Umeanza kutibu kikohozi, umeishia kubadilisha mapafu, moyo na miguu.

Ya mzee ilipita njia hiyohiyo. Mwaka 1989 iliwekewa injini ya dizeli ya Kijapani iliyotoka kwenye gari lililopinduka. Difu zilifuata miaka sita baadaye.

Kwa nini miaka sita? Kwa sababu fedha zilitoka kwenye dhahabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Benki Kuu ilianza kununua dhahabu kwa bei inayokaribia ya mtaani, na vijana wa Shinyanga wakamiminika Geita, Nyarugusu na Bulyanhulu. Pikapu ikaacha pamba, ikashika viroba vya mawe kutoka kwenye maduara kwenda kwenye karasha. Mzee alikodisha 109 kwa wachimbaji misimu mitatu. Jiwe siyo pamba, ndugu zangu. Pamba ikijaa gari inaonekana imeelemewa kumbe kilo ni chache. Mawe yakifika nusu ya bodi unadhani bado kuna nafasi, kumbe tani moja imepita zamani.

Dawa ya hilo ilikuwa moja: kuongeza mabapa ya springi. Kila gari lililofanya kazi ya mawe liliongezwa mabapa nyuma, matatu, manne. Agosti 1996 wachimbaji wadogo walipoondolewa Bulyanhulu, magari mengi yalirudi vijijini yakiwa na springi za kubebea milima. Na huko vijijini yakapewa kazi ambayo hakuna fundi aliyeifikiria alipokuwa anafunga yale mabapa. Yakawa ya kubeba wagonjwa.

Sasa mimi nazungumza kama nesi. Springi iliyoongezwa ni nzuri ikiwa na mzigo. Ikiwa tupu ni jiwe. Mweke mama mwenye uchungu, mwenye kilo 60, nyuma ya pikapu yenye springi za tani mbili, halafu pita naye barabara ya Kolandoto ilivyokuwa miaka ile, udongo mweusi wa mbuga uliokauka na nyayo za ng'ombe zimegeuka saruji. Kila shimo linampiga yeye. Kama ana damu inatoka, inaongezeka. Kama amevunjika mfupa, mfupa unatembea. Nimewapokea wengi waliofika wakiwa wamechoka na safari kuliko na ugonjwa.

Mzee wetu aliligundua hili bila darasa. Mwaka 1997 usiku mmoja alimpeleka jirani yetu, mimba ya miezi minane, anatokwa damu. Nilikuwa msichana wa shule, nilipanda nyuma kumshikia kichwa. Kabla ya kuondoka mzee alisimama, akatuambia tusubiri. Tulimwona kama amechanganyikiwa. Alijaza mchanga kwenye magunia sita, akayapanga juu ya ekseli, akatandika juu yake godoro na robo gunia la pamba. Ilichukua dakika 15 na mume wa yule mama alikuwa analia kwa hasira. Kisha tukaondoka, na gari likaenda kama mtumbwi. Springi zilipata mzigo zikalegea. Yule mama alifika. Mtoto hakufika, siwezi kuwadanganya. Mama yupo mpaka leo, anauza choroko hapa sokoni, na akiniona huwa hasemi kitu, ananiongezea kipimo.

Tangu siku hiyo magunia matupu sita yalikaa chini ya kiti cha 109 mpaka mzee anafariki. Na kwenye bomba la turubai kuna ndoano mbili alizochomelea yeye mwenyewe za kuning'inizia chupa ya dripu.

Turudi kwenye ugomvi. Kaka amepata injini ya 1HZ, ile ya Land Cruiser, silinda 6, lita 4.2. Injini ya maana, siipingi. Hata mkonga siupingi, mvua za Machi pale kwenye makorongo mnazijua, na gari likinywa maji ndiyo basi tena. Ninachopinga ni kwamba breki za 109 yetu ni zilezile za dramu magurudumu yote manne, hazina hata sevo ya kukusaidia kukanyaga. Zilitengenezwa kusimamisha gari linalojikongoja. Mwaka juzi tulipokea wawili wodini kutoka kwenye pikapu ya namna hiyohiyo, injini mpya, breki za babu. Dereva alisema alikanyaga kwa miguu yote miwili. Mmoja wao alikuwa na miaka 19.

Kaka alinijibu, "Dada, wewe unaona ajali tu kwa sababu unakaa zinapoletwa." Ana haki kiasi. Lakini na yeye anaona injini tu kwa sababu anakaa zinapofungwa! Yule fundi mzee alikuwa anachonga bushi yake, akasema bila kuinua macho kwamba zamani walifunga walichokipata, hawakuwa na uchaguzi. "Ninyi mnao."

Basi tumepatana hivi. Ekseli ya mbele inakuja na diski, za Toyota hizohizo, na sevo inafungwa kabla ya injini kuwashwa. Mabapa matatu ya nyuma yanatolewa, kaka anayaweka stoo akisema atayarudisha siku akipata kazi ya mawe, na mimi nimekaa kimya kwa sababu ufunguo wa stoo ninao mimi. Namba ya injini kwenye kadi inabadilishwa rasmi TRA, siyo kuendesha gari lenye kadi ya marehemu na moyo wa mtu mwingine. Wanaotaka kufanya hivi nyumbani kwao msiruke hapo, siku ya kuuza au ya ajali utatafutana na watu.

Ndoano za dripu zinabaki. Hilo hatukugombana.

Jumamosi wanashusha gari kutoka kwenye magogo kama sevo itakuwa imefika kutoka Mwanza. Nitaweka picha. Wale wenye 109 huko Kahama na Geita zilizobeba mawe miaka ile, tuandikieni hapo chini yenu iliongezwa mabapa mangapi na nani aliyafunga. Sehemu ya 7 itakuwa ya pikipiki, maana ndizo zinazoniletea wagonjwa siku hizi, na ndizo zinazonitengenezea.