Mguu alioacha babu Uganda

Nimepotea humu kama wiki mbili, mtanisamehe, ni mambo ya test. Mhadhiri wetu wa historia katupa swali la kizushi: vita huisha lini? Wenzangu wengi wameandika tarehe. Mimi nimeandika habari za mguu.

Mnaonijua mnajua kwetu ni Kyerwa, ambayo mpaka 2012 ilikuwa Karagwe tu. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba tutampiga, na 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Kwenye daftari la form four vita inaishia hapo. Babu yangu alikuwa mgambo akaingizwa jeshini, na huko ng'ambo bomu likamkata mguu wa kushoto chini ya goti. Kabla ya hapo alikuwa winga wa kijiji, tena wa kushoto! Toka arudi, jioni hukaa pembeni ya uwanja na magongo yake, kazi yake kuwagombeza vijana wasiojua kupiga kona.

Sasa nikaanza kuuliza: hivi hakuna aliyewahi kufikiria kwamba mtu kama huyu anaweza kucheza?

Kumbe alikuwepo. Daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyewakimbia Wanazi 1939, alipewa wodi ya majeruhi wa uti wa mgongo kule Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944. Askari wale walikuwa wanahesabiwa kama wa kusubiri kufa. Yeye akawapa mipira na pinde. Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Olimpiki ya London inafunguliwa, majeruhi 16 wakashindana kulenga shabaha kwa mishale wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Hapo ndipo ilipoanzia Paralimpiki, na ya kwanza ikafanyika Roma 1960. Ila waliokatwa viungo waliingizwa Toronto, 1976. Yaani babu alipoumia, mlango ulikuwa umefunguliwa miaka mitatu tu. Nani angemwambia?

Huku kwetu, TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia pale KCMC Moshi, kilianza 1981. Safi sana. Lakini mguu wa bandia unakusimamisha tu, kazi ya kujifunza upya kusawazisha mwili inabaki kwako. Michezo inajenga tumbo, mgongo na mikono ile inayobeba magongo, na mtu anafanya mazoezi bila kuhesabu kuwa ni matibabu. Halafu kuna watu wanakusubiri uwanjani saa kumi. Hilo la mwisho mimi naliona kubwa kuliko yote.

Mfano ulionigusa zaidi uko ng'ambo tu ya mto Kagera. Mwaka 1994 Karagwe ilijaa wakimbizi wa Rwanda, wazee wanaikumbuka kambi ya Kyabalisa. Kule Rwanda baada ya vita walibaki watu wengi wasio na miguu, wa pande zote mbili. Dominique Bizimana alipigana upande wa RPF, Jean Rukundo alikuwa jeshi la serikali. Kila mmoja alipoteza mguu. Hao wawili wakaja kucheza timu moja ya mpira wa wavu wa kukaa! Mchezo huu ulianza Uholanzi miaka ya 1950: mnakaa chini sita kwa sita, wavu wa wanaume una kimo cha mita 1.15, na ukigusa mpira makalio yasinyanyuke sakafuni. Mwaka 2012 Rwanda ikaenda nao Paralimpiki ya London, na wanawake wao wakaenda Rio 2016.

Na sisi tusijidharau. Tembo Warriors, timu yetu ya soka la watu wenye ulemavu wa viungo, ilikwenda Kombe la Dunia Uturuki 2022. Uwanjani wanakuwa saba, wanakimbia kwa magongo bila mguu wa bandia, na ukigusa mpira kwa gongo makusudi ni faulo. Kipa ndiye mwenye mkono mmoja.

Nilipokuwa field mwaka jana, shule moja (siitaji) kulikuwa na dogo mwenye mguu mmoja. Kipindi cha michezo kazi yake ilikuwa kulinda mashati ya wenzake. Na mimi nilikuwa naye, sikufanya kitu. Sikujua, lakini pia sikuuliza.

Juzi nikampigia babu, shikamoo zikaisha, nikamsimulia yote. Kimya. Nikadhani salio limekata.

"Huo wavu umesema kimo gani?"

"Mita moja na kidogo babu."

"Hiyo si kamba ya kuanikia maharage? Ukija likizo njoo na mpira. Na usimwambie bibi yako."

Kwa hiyo wadau, mwenye mpira wa wavu wa zamani asiouhitaji anitafute, nipo hosteli.