Kipande cha boksi kwa aliyepoteza usemi

Kiharusi kinaweza kumnyang'anya mtu usemi kikamwachia akili timamu. Kabla ya kufikiria mashine ya bei kubwa, tunashauri kipande cha boksi na maka peni. Andika NDIYO, HAPANA, NAUMWA, MAJI, CHOO, kisha herufi zote, naye aonyeshe kwa kidole. Mkono ukigoma, msomee herufi moja moja; apepese jicho ukiifikia anayoitaka. Mfaransa Jean-Dominique Bauby alitunga kitabu kizima hivyo, kwa jicho la kushoto tu, kikatoka 1997. Kwa Kiswahili anza na A na I, zinazotumika sana. Asiyeweza kusoma mchoree picha. Uliza swali moja, kisha msubiri. Usimmalizie sentensi: huenda siyo aliyotaka kusema.