Nani Ataiongoza Maniema? Historia ya Mataifa Kuingizwa katika Michezo ya Mkakati

Mchezo wa mkakati wa kihistoria ni mchezo wa kompyuta ambamo mchezaji hukabidhiwa taifa lenye jina la kweli, mji mkuu, mtawala na jeshi, kisha huliongoza kupitia karne nyingi kwa kujenga, kufanya biashara, kupatana na majirani au kupigana nao. Mataifa mengine huwekwa kwenye ramani kama majirani wasioongozwa na mchezaji, na mengine hayawekwi kabisa. Kwa sababu hiyo orodha ya mataifa yanayochezeka ni aina ya maandishi ya historia, ingawa waandishi wake ni wahandisi wa programu na wachoraji, ambao hufundisha yaliyopita kwa kupanga kanuni za mchezo na wala si kwa kuandika sura za kitabu. Maniema ya kusini, yaani nchi ya Kasongo na Kabambare mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, haijapata nafasi ya taifa katika mfululizo wa Civilization wala wa Age of Empires, ambayo ndiyo mifululizo miwili iliyoenea zaidi katika fani hii. Ili kuelewa kwa nini imekosekana, ni vyema kutazama kwanza jinsi nchi nyingine iliyokosekana kwa muda mrefu, Polandi, ilivyopata kuingia.

Mchezo wa kwanza wa Civilization, uliobuniwa na Sid Meier na kutolewa na kampuni ya MicroProse mwaka 1991, ulikuwa na mataifa 14. Afrika ilipewa mawili, Wamisri na Wazulu, na Ulaya ya mashariki iliwakilishwa na Warusi peke yao. Age of Empires II, iliyotoka mwaka 1999 ikiwa na mataifa 13 ya zama za kati, nayo haikuwa na Wapolandi, licha ya kwamba zama hizohizo ndizo zilizoiona dola ya Polandi ikikua hadi kuungana na Lituania na kuwa miongoni mwa dola kubwa za bara lake. Katika Civilization V mji wa Warszawa ulionekana kama mji-dola, yaani mji mmoja unaojitawala, ambao mchezaji anaweza kuufanya rafiki au kuuteka, lakini hawezi kuuongoza. Mwaka 2013, katika nyongeza iitwayo Brave New World, Polandi ilipandishwa daraja ikawa taifa kamili chini ya Mfalme Kazimierz wa Tatu, aliyetawala kuanzia 1333 hadi 1370 na aliyeanzisha chuo kikuu cha Kraków mwaka 1364. Desemba 2016 ikaingia katika Civilization VI ikiongozwa na Jadwiga, mwanamke aliyetawazwa mwaka 1384 kwa cheo cha mfalme, na mwaka 2021 Age of Empires II nayo ikawapokea Wapolandi pamoja na Wabohemia.

Safari hiyo inaonyesha kanuni ambayo watengenezaji hawaitamki lakini huifuata. Taifa likitaka kuingia linahitaji mtawala mmoja mwenye sura na sauti, kikosi cha pekee cha kijeshi, jengo la pekee, na sifa moja inayoweza kugeuzwa kuwa hesabu. Polandi ilikuwa na vyote: wapanda farasi wenye mabawa mgongoni, soko la nguo la Kraków, mashamba makubwa ya makabaila, na wafalme ambao habari zao ziliandikwa walipokuwa hai. Ukweli kwamba nchi hiyo ilifutwa kwenye ramani ya Ulaya kuanzia 1795 hadi 1918 haukuwa kizuizi. Jambo hili lina uzito kwa msomaji wa Maniema, kwa kuwa linathibitisha kwamba dola iliyoanguka haipotezi haki ya kukumbukwa, mradi kumbukumbu yake imehifadhiwa kwa namna ambayo mgeni anaweza kuisoma.

Kwa upande wa Afrika ya kati na mashariki, mlango ulifunguka polepole. Ufalme wa Kongo, ambao makao yake yalikuwa Mbanza Kongo katika Angola ya leo, ulikuwemo katika Civilization VI tangu siku ya kutolewa kwake Oktoba 2016, ukiongozwa na Mvemba a Nzinga, mfalme Mkristo aliyejulikana pia kwa jina la Afonso wa Kwanza na ambaye aliwaandikia barua wafalme wa Ureno. Kikosi chake cha pekee ni wabeba ngao, na mtaa wa mji wake unaitwa mbanza. Pwani ya Waswahili ilipata heshima ndogo zaidi: Zanzibar ni mji-dola wa biashara unaompa rafiki yake mdalasini na karafuu, na magofu ya Kilwa Kisiwani yaliongezwa mwaka 2018 kama ajabu la dunia ambalo taifa lolote laweza kulijenga, hata taifa lisilowahi kuiona Bahari ya Hindi. Katika Civilization VII ya mwaka 2025 Buganda imekuwa taifa kamili la zama za kisasa. Kwa hiyo Waswahili wako leo pale ilipokuwa Warszawa kabla ya 2013, na bara lililounganishwa na pwani hiyo kwa njia za misafara, kuanzia Bagamoyo hadi Lualaba, halina hata daraja hilo.

Kutokuwepo huko hakutokani na uhaba wa historia, wala wa maandishi. Msafiri David Livingstone aliifikia Bambarre, ambayo ndiyo Kabambare, mwezi Septemba 1869, akakaa huko miezi mingi kwa sababu ya vidonda vya miguu, na karatasi zilipomwishia akawa anaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa kujitengenezea. Mwaka 1871 alifika Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba, akaeleza soko ambalo siku ya gulio lilikusanya watu zaidi ya elfu moja, wengi wao wanawake wakiuza samaki, chumvi, vyungu, mafuta ya mawese na kuku, wakivushwa mtoni na Wagenia, ambao ndio waliokuwa mabwana wa mitumbwi. Biashara ya eneo hilo ilikuwa na fedha yake pia, nayo ni viramba, yaani vitambaa vilivyofumwa kwa nyuzi za mwale na kuhesabiwa katika kulipa mahari, faini na bidhaa. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba gulio, uvushaji na viramba havikuletwa na wageni wa pwani. Wafanyabiashara wa Zanzibar waliukuta mfumo huo ukifanya kazi, wakaingia ndani yake, kisha wakauvunja kwa bunduki: tarehe 15 Julai 1871 watu wa msafara wa mfanyabiashara Dugumbe walifyatua risasi katikati ya soko la Nyangwe, na makadirio yaliyomfikia Livingstone yalitaja waliokufa kati ya 330 na 400, wengine kwa risasi na wengine kwa kuzama mtoni walipokuwa wakikimbilia mitumbwi.

Katikati ya miaka ya 1870 Kasongo ikawa makao makuu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, mzaliwa wa Zanzibar anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip. Kwa kipimo cha watengenezaji wa michezo, huyu ndiye mgombea asiye na mpinzani. Alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na masimulizi hayo yakachapishwa na Mjerumani Heinrich Brode mnamo 1902 na 1903, jambo ambalo ni watawala wachache sana wa bara la Afrika wa karne ile wanaweza kujivunia. Alimsindikiza msafiri Henry Morton Stanley kuelekea chini ya Lualaba mwaka 1876, na mwaka 1887 akakubali kuwa gavana wa Stanley Falls kwa niaba ya Dola Huru la Kongo, yaani milki binafsi ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Hata jinsi alivyopata utawala kwa Kasongo Rushie, mtawala katika nchi ya Watetela, inafaa kuwa kanuni ya mchezo: alidai kwamba bibi yake alitoka katika ukoo wa mtawala huyo mzee, na kwa dai hilo la damu, lililotangulia mbele ya bunduki zake, akakabidhiwa madaraka na pembe za ndovu zilizoambatana nayo.

Mji nao ungewafaa wachoraji. Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyetumikia jeshi la Leopold, alieleza Kasongo iliyozungukwa na msitu uliofyekwa, ikiwa na mashamba ya miwa, mahindi na matunda, na shamba la mpunga ambalo mpanda farasi alitumia zaidi ya saa moja kulipita. Mpunga huo ulibaki. Kiswahili kilibaki, na Uislamu ukabaki pia, kiasi kwamba Kasongo inahesabiwa hadi leo kuwa kitovu cha Waislamu wa Kongo.

Hata hivyo, mashamba hayo yalilimwa na watumwa, na pembe zilizojaza maghala zilibebwa na watu waliotekwa katika vijiji vya Wakusu, Wazimba, Wabangubangu na majirani zao. Hapa ndipo kanuni ya mtawala mmoja inapogeuka kuwa dhuluma. Mchezo unapomweka Tippu Tip kwenye kiti na kuandika chini yake jina la Maniema, unamfanya mtu aliyeitawala nchi kwa miongo miwili hivi kuwa sura ya watu waliokuwepo kabla yake na waliobaki baada yake, na unamtaka kijana wa Kabambare ashangilie ushindi wa misafara iliyowabeba mababu zake. Ni kosa zito kuliko kuiacha nchi hiyo nje ya orodha. Lakini kuiacha nje nako ni kukubali kwamba historia ya Maniema ni ya wageni wawili tu, Mwarabu aliyekuja kuteka na Mbelgiji aliyekuja kumfukuza.

Simulizi hilo la wageni wawili ndilo lililoenezwa na Dola Huru la Kongo, na vita vya 1892 hadi 1894 kati ya dola hilo na wafanyabiashara wa pwani vyenyewe vinalikanusha. Jeshi la Dola Huru likiongozwa na Francis Dhanis liliiteka Nyangwe mwezi Machi 1893, likaingia Kasongo tarehe 22 Aprili, na Kabambare ikaanguka Januari 1894 katika mapigano dhidi ya Rumaliza, aliyekuwa na ngome zake upande wa Tanganyika. Lakini nguvu kubwa ya jeshi hilo ilikuwa wapiganaji wa Ngongo Lutete, kiongozi wa mashariki ya Kongo aliyekuwa amemtumikia Tippu Tip kabla ya kuhama upande mwaka 1892, na ambaye maofisa wa Dola Huru walimuua mwezi Septemba 1893 kwa tuhuma za usaliti. Watu wa nchi hiyo walipigana pande zote mbili, wakifuata hesabu zao wenyewe za usalama, kisasi na biashara. Mchezo mzuri wa mkakati hujengwa juu ya hesabu kama hizo hasa, na inasikitisha kwamba fani yenye uwezo mkubwa kiasi hicho wa kuonyesha uamuzi wa watu wadogo waliobanwa na wakubwa hurudia tena na tena kuwapa nafasi wakubwa peke yao.

Njia ya kutoka ipo, na sehemu yake imekwisha kuchongwa. Civilization VII imetenganisha kiongozi na taifa, hivi kwamba mchezaji huchagua kila kimoja peke yake, na taifa hubadilika mchezo unapopita kutoka zama moja hadi nyingine. Kwa utaratibu huo Maniema haihitaji kumkopa Tippu Tip ili iwepo. Inaweza kuingia kwa gulio la Lualaba kama jengo lake la pekee, linalostawi kadiri majirani wengi wanavyolifikia kwa amani na kudhoofika panapotokea vita karibu yake, kwa Wagenia kama kikosi cha mtoni ambacho bila ridhaa yake hakuna jeshi linalovuka, na kwa viramba kama hazina inayotengenezwa na mikono mingi badala ya kuchimbwa au kutekwa. Misafara ya pwani ingekuja katika zama zinazofuata, ikimpa mchezaji bunduki, mpunga na maandishi, huku ikimtoza watu wake kila anapovikubali, na gharama hiyo isionyeshwe kama alama iliyopungua tu bali kama vijiji vinavyotoweka kwenye ramani. Kwa Europa Universalis IV, mchezo wa mwaka 2013 ambamo Waluba, majirani wa kusini, tayari wanachezeka, kazi ingekuwa nyepesi zaidi, kwa maana mchezo huo haumlazimishi mtawala mmoja kuishi karne zote.

Vyanzo vya kazi kama hiyo haviishii katika shajara za Wazungu na kitabu cha Murjebi. Huko Tongoni, mahali palipokuwa mji wa zamani wa Kasongo, timu ya watafiti wa Kongo na Ulaya iliyoongozwa na mwanaakiolojia Noémie Arazi imechunguza mabaki ya makazi ya karne ya 19 na kuyalinganisha na kumbukumbu za wakazi, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2020 katika jarida la Antiquity. Wabuni wa Polandi walikuwa na makumbusho ya Kraków na vitabu vya wafalme vya kutazama. Wabuni wa Maniema watakuwa na udongo wa Tongoni, na wazee wanaojua ni ukoo upi ulivusha watu mtoni na upi uliuza chumvi, ambao wanastahili kuulizwa kabla ya mchoraji kuchora uso wa kwanza.