Kenda na Mwenda

Mwanafunzi wa sekondari mjini Bukoba au huko Muleba huandikiwa ubaoni 3, 7, 11, 15, kisha akatakiwa ataje namba ifuatayo. Huulizwa kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya hisabati ya sekondari nchini Tanzania. Lakini kuitazama hatua iliyopita ili kuijua ijayo ni jambo alilolizoea katika Kihaya cha nyumbani, wala hapana aliyemwambia kuwa hiyo nayo ni hisabati.

Isikilize sita hadi tisa: mukaaga, mushanju, munana, mwenda. Zizidishe kwa kumi: nkaaga, nshanju, kinana, kyenda. Shina halikuguswa, kilichobadilika ni kiambishi, nacho kimebeba kazi yote ya kuzidisha. Hali kadhalika ikumi ni kumi, na lukumi ni elfu. Aliyekwisha kusikia munana ikawa kinana hukisia mwenyewe mwenda itakuwaje. Hata hivyo kanuni hii ina mpaka. Ishirini ni makumi abili, thelathini ni makumi ashatu, na mtindo huo huendelea hadi hamsini. Mpaka huohuo hujitokeza tuhesabupo watu: babili, bashatu, bana, batanu, kisha mukaaga. Upatanisho umekoma baada ya tano, na haurudi.

Na sisi wa pwani je? Wawili, watatu, wanne, watano, sita, saba, wanane, tisa. Upatanisho umekatika, ukarudi, ukakatika tena. Atafutaye kanuni hapa kwa hesabu tupu ataumia kichwa. Ni historia itakayomjibu. Sita, saba na tisa tulizitwaa katika Kiarabu. Nane ikabaki ya Kibantu, nayo ni nne iliyorudiwa, kama munana ilivyoificha ina ya Wahaya. Tandatu yetu imehamia kamusini. Fungate imesalia arusini. Kenda, nduguye mwenda, tumeihifadhi washairi, na tusijisifu mno, kwani wengi huipendea kina chake. Katika makumi nako sita huonekana ndani ya sitini, saba ndani ya sabini, tisa ndani ya tisini. Ila nane na themanini hazijuani.

Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo Kafuro, Karagwe, na simbi, yaani kauri za Bahari ya Hindi, zikawa fedha katika tawala za Wahaya, ikiwamo Ihangiro, ambayo leo ni Muleba. Simbi zilipokewa, maneno ya kuzihesabia hayakupokewa. Naona sababu ni kwamba pwani tuliandikiana hati na hesabu na wenye Kiarabu kizazi baada ya kizazi, ilhali kule ziwani simbi zilipita mkononi mwa Mhaya kwenda kwa Mhaya mwenziwe, na ng'ambo ya mto Kagera zikapokewa na Waganda, ambao nao sitini yao ni nkaaga na tisini yao ni kyenda.